Bosi kaondoka, mbwa wamebaki: daktari wa mifugo anajibu barua zenu

Msimu wa barua hizi naujua. Kuanzia mwezi wa sita mikataba ya wageni inaisha, wapangaji wanahama, na mbwa wanabaki getini wakimsubiri mtu ambaye harudi. Safari hii zimenifikia kumi na nne, nami nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa daktari wa mifugo serikalini miaka 31, sasa nimestaafu, naishi Tanga, na uani kwangu hapakosi mbwa saba au wanane wanaosubiri nyumba. Si kituo. Ni ua wa nyuma wenye mabanda ya mabanzi na mwembe mmoja.

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mlinzi, nyumba ninayolinda iko Mbezi Beach, Dar es Salaam. Bosi wangu alikuwa Mjerumani, mkataba wake umeisha na ameondoka wiki tatu zilizopita. Ameniachia mbwa wawili wenye damu ya Jemani Shepadi, jike na dume, na mfuko mmoja wa chakula na laki mbili. Alisema atatuma mtu wa kuwachukua, mpaka leo sijaona mtu. Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake mwisho wa mwezi na mbwa hawataki. Mimi nimepanga chumba kimoja Gongo la Mboto na mke na mtoto. Wenzangu wananiambia niwafungulie usiku wajitafutie, au niwapeleke Kunduchi wakale mabaki ya samaki. Roho inanisuta, maana hawa wananijua mimi kuliko walivyomjua bosi. Nifanyeje?*
*Mlinzi, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Hayo maneno yako kwamba wanakujua kuliko walivyomjua bosi ndiyo yaliyonifanya niiweke barua yako mbele. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwapa maji, wewe ndiye uliyekuwa nao saa tisa usiku mvua ikinyesha. Kwao mwenyewe ni wewe.

Usiwafungulie. Mbwa aliyekulia ndani ya geti haijui barabara. Hajui kupekua jalala, hajui kwamba kila mtaa una mbwa wake na mipaka yao, na gari kwake ni kile kitu kinachomrudisha bosi jioni, kwa hiyo atalikimbilia. Wa namna hiyo nimewaokota wengi, na wengine niliwaokota ili kuwazika. Kunduchi nako usiwapeleke. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini ufuko wa soko la samaki una mbwa wake tayari, na hao hawatawakaribisha wawili walionenepa kwa chakula cha mfuko.

Sasa, kabla ya kutafuta nyumba, mwandikie bosi. Kwa nini aliondoka bila wao? Sijui moyo wake, ila utaratibu naujua. Mbwa anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya huwekwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha huchanjwa kichaa cha mbwa. Baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu, ikapimwe kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja huo kuona kama chanjo imeshika. Halafu, tangu siku ile ya kutolewa damu, husubiri miezi mitatu. Jumlisha mwenyewe: ni miezi minne au zaidi kabla mbwa hajapanda ndege. Mtu anayewakumbuka mbwa wiki ya kufunga mizigo ameshachelewa, hata akiwa na hela na nia. Lakini kuchelewa si kushindwa. Kama hao wawili wana chipu na chanjo zao hazijaisha muda, safari yao bado inawezekana, wakamfuata baadaye. Mwulize wazi: unawataka au huwataki?

Akijibu kwamba hawataki, mwombe mambo matatu. Kadi zao za chanjo. Hela ya chakula ya kila mwezi mpaka nyumba ipatikane, na umtajie kiasi, usimwachie akadirie. Na la tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: maandishi yenye jina lake na tarehe, hata kama ni ujumbe wa simu, yanayosema amekuruhusu kuwatoa mbwa hawa kwa mtu mwingine. Nimeshamwona mlinzi akishikwa kwa wizi wa mbwa aliyeachiwa kwa mdomo tu. Rafiki wa bosi alikuja miezi miwili baadaye, akauliza mbwa wako wapi, na maneno ya mlinzi hayakuwa na uzito mbele ya maneno yake. Usikubali kuwekwa hapo.

Mwenye nyumba naye kazungumze naye kabla mwezi haujaisha. Usimwombe huruma, mwonyeshe faida. Nyumba tupu Mbezi Beach isiyo na mbwa huibiwa masinki na nyaya za umeme. Mwambie mbwa watailinda mpaka mpangaji mpya aingie, nawe utakuwa umepata wiki kadhaa.

Katika kutafuta nyumba, usiandike popote "mbwa wa bure, Shepadi". Ukiandika hivyo watakuja watu ishirini kwa siku, na kumi na tano kati yao watakuwa wanataka lile jike lizae wauze watoto. Kwa hiyo jike lifungwe kizazi kabla halijatoka mikononi mwako, na dume lihasiwe. Hela ya upasuaji iwe sehemu ya hesabu unayompelekea bosi. Akigoma kabisa, tafuta daktari wa mifugo akubali kulipwa kidogo kidogo; wapo wanaokubali wakielezwa ukweli. Na mchukuaji alipe kitu. Mimi natoza bei ya chanjo tu. Si biashara, ila mtu asiyeweza kutoa bei ya chanjo leo hataitoa mwakani.

Anayekuja muulize swali moja, kisha unyamaze umsikilize: mbwa wako wa mwisho aliishia wapi? Swali hili limenifaa kuliko fomu yoyote. Mtu akisema, "Alizeeka, akafia pale chini ya mti," naye akaonyesha kwa mkono ni mti gani, mimi huwa nimeshaamua. Mtu akisema, "Aligongwa," naendelea kuuliza, maana geti laweza kusahauliwa siku moja na mtu yeyote. Akisema wa kwanza aligongwa, wa pili alipotea, wa tatu hajui, basi hata awe na nyumba ya ghorofa, simpi.

Halafu nenda ukaone. Mimi hupanda bodaboda na kwenda, na simwambii mtu saa. Natazama bakuli la maji kwanza. Likiwa kavu na lina majani ndani, nimepata jibu. Kisha mnyororo: una urefu gani, na umekula nyasi kiasi gani? Ardhi iliyozunguka nguzo ikiwa imechakaa duara tupu, ujue hapo mbwa huwa hafunguliwi.

Na baada ya kumpa, rudi. Hili nilijifunza kwa mbwa aitwaye Mkonge. Niliitwa kwenye shamba la mkonge nje ya mji, kuna mbwa kamba imemzama shingoni. Alifungwa akiwa mdogo, akakua, kamba haikukua. Nilimtoa ile kamba kwa mkasi na maji ya chumvi, saa nzima, na hakunionyesha jino hata mara moja. Baada ya miezi mitatu alikuwa mbwa mzuri mwenye kovu kama mkufu. Nikampa mtu mwenye ghala. Nilikwenda kumwona baada ya wiki, mambo mazuri. Baada ya mwezi, mazuri. Nikaacha kwenda, nilikuwa na mbwa wengine. Miezi minne ikapita, nikawa na shughuli upande ule nikachungulia: Mkonge amefungwa mchana na usiku kwa mnyororo usiofika mita moja, na mnyororo umepita palepale penye kovu. Nilimchukua siku ileile, na sikuomba ruhusa. Kosa lilikuwa la kwangu nusu nzima, kwa sababu mtu yule hakunificha kitu. Mimi ndiye niliyeacha kutazama. Sasa Mkonge yuko Muheza kwa mwalimu mstaafu mwenye michungwa. Nimeshakwenda mara sita, na nitakwenda tena msimu wa machungwa.

Umeniuliza pia, kwenye ule ukurasa wa pili ambao sikuuchapa, kama wawili hao lazima waende pamoja. Watazame wakila. Kama mmoja hagusi chakula mpaka mwenzake awepo, jitahidi wapate nyumba moja. Kama kila mmoja anakula na kulala kwake, watenganishe bila kujilaumu. Nyumba ya mbwa mmoja hupatikana, ya wawili huchukua mwaka. Na wewe na mkeo na mtoto mna chumba kimoja. Msijilazimishe kuwachukua, kuwatafutia ndiyo sehemu yako, na si ndogo.

*Salaam aleikum Daktari. Tunaishi ploti ya vyumba vinane huku Kisauni, Mombasa. Mbwa koko ameingia akazaa chini ya ngazi, watoto sita, macho yamefunguka juzi. Landilodi ataka watolewe. Majirani wengine wasema ni najisi, malaika hawaingii. Watoto wangu wamlisha kwa siri nami najifanya sioni. Mimi ni Muislamu na sitaki dhambi, lakini siwezi kuwatupa viumbe hawa jaani. Wanifunza nini?*
*Mama wa watoto watatu, Kisauni*

Waaleikumu salaam dada yangu. Mimi pia ni Muislamu wa pwani, na swali hili nimeulizwa maisha yangu yote, hata na marehemu mama yangu siku niliyomwambia nakwenda Morogoro kusomea udaktari wa wanyama. Sheikh wako wa mtaa ndiye wa kumuuliza hukumu. Mimi nitakwambia ninavyoishi.

Sisi wa madhehebu ya Shafii tunashika kwamba chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa wako awe na sufuria lake, lisiingie jikoni, na udongo uko tele. Unyevu ndio unaohamisha najisi. Mbwa mkavu akipita karibu na buibui kavu, hakuna kilichohamia. Nyumbani kwangu nina nguo za mbwa na nguo za sala, na zimetundikwa kwenye misumari tofauti. Hivyo ndivyo nilivyoishi nao miaka yote na swala zangu sijaziacha. Na majirani zako wakumbushe kisa wanachokijua wenyewe, kimo katika Bukhari na Muslim: yule mtu aliyeteremka kisimani kwa kiu, akapanda, akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu kama aliyokuwa nayo yeye, akashuka tena akajaza kiatu chake maji akakishika kwa meno mpaka juu, akamnywesha. Mola akamsamehe. Hakuambiwa amchukue mbwa alale naye kitandani. Alimpa maji. Nawe ndicho unachofanya.

Sasa ya kazi. Mbwa wakishafungua macho wana kama wiki mbili. Kuwaondoa kwa mama yao kabla ya wiki nane ni kuwaua polepole, kwa hiyo unahitaji wiki sita. Mwombe landilodi wiki sita kwa hesabu, mtajie tarehe. Mtu husema "hapana" kwa "kwa muda" na husema "haya" kwa tarehe. Waweke kona moja, boksi na gunia kavu, wewe mwenyewe ufagie kila asubuhi ili asipate sababu. Mama anayenyonyesha sita anahitaji chakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake: ugali, dagaa, utumbo uliochemshwa, vichwa vya samaki. Kitunguu usimpe, kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa pia usimpe, hupasuka ikawa kama sindano. Watoto wako waruhusu wamlishe waziwazi, lakini waweke sufuria na kurudi nyuma. Mbwa mwenye watoto wachanga huuma hata anayempenda.

Vilebu wakifika wiki sita hadi nane huanza chanjo za magonjwa yao, zikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Chanjo ya kichaa hutolewa wakifika miezi mitatu. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yenu. Usiruke chanjo za awali kwa kuona wana afya. Kuna ugonjwa unaitwa parvo, unaharisha damu, na kilebu aliyecheza asubuhi waweza kumkuta amekufa kesho yake. Mwaka mmoja niliwapoteza vilebu watano kwa mpigo, kwa haraka yangu. Banda lilikuwa limekaa tupu miezi minne tangu mgonjwa wa mwisho, nimelifua kwa sabuni mpaka linang'aa, nikawaingiza wapya. Virusi vya parvo sabuni haiviui, na kwenye udongo hukaa mwaka na zaidi. Dawa yake ni jiki, sehemu moja kwa thelathini za maji, na sakafu ya udongo ndiyo haioshiki kabisa. Nilijua haya tangu darasani. Nilikuwa na vilebu watano kwenye boksi na pa kuwaweka sina, nikajidanganya. Tangu siku hiyo mgeni yeyote kwangu hukaa wiki mbili peke yake upande wa barabarani, hata kama ananililia usiku kucha.

Jambo gumu lenyewe litakuja baadaye, dada. Madume utayagawa. Majike yatabaki. Watu wakija huangalia chini ya mkia kabla ya kuangalia macho. Wanataka dume, eti ndiye mlinzi, na jike litawaletea mbwa wa mtaa mzima getini. Ndiyo maana majike ndiyo yanayotupwa, na ndiyo yanayorudi yakiwa na mimba. Mbwa hubeba siku 63 tu, na hushika joto karibu mara mbili kwa mwaka. Mama yao amekuja chini ya ngazi yako kwa sababu aliwahi kuwa kilebu jike ambaye hakuchukuliwa. Kwa hiyo kama hela yenu ya kuchanga inatosha mnyama mmoja tu, mfunge kizazi huyo mama, vilebu wakishaacha ziwa. Na mwangalie vizuri uke wake: akitoka damu isiyoisha, ana kinyama kama koliflawa, huo ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Ni saratani kweli, lakini ni ya namna ya peke yake, seli zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa. Usiogope, inatibika vizuri kwa sindano ya kila wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita.

*Habari za kazi Daktari. Nasoma chuo Moshi. Jumamosi nilimkuta mbwa amenaswa kwenye waya wa uzio, nilipomtoa akaniuma mkononi. Ni mkwaruzo tu. Bibi kanipaka mafuta ya taa na pilipili. Mbwa nimemfunga nyuma ya nyumba, anaonekana mzima. Je, nikamchanje yeye kwanza au nisubiri?*
*Mwanafunzi, Moshi*

Wewe sikungoja jarida litoke, nilikupigia jioni ileile, na nashukuru ulikwenda hospitali. Nachapa barua yako kwa ajili ya wengine.

Ukiumwa, au ukilambwa penye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Mafuta ya taa hapana, pilipili hapana. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo, na urudi kila tarehe utakayopangiwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inakinga. Mkwaruzo na shimo la jino kwa ugonjwa huu ni mlango mmoja.

Mbwa usimuue. Mfunge mahali salama umtazame siku kumi. Akizifikisha akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni siku aliyokuuma, na daktari wako ataamua kama chanjo zilizobaki ziendelee. Akifa, au akibadilika, mwite afisa mifugo achukue sampuli. Usimzike kimya kimya. Kubadilika si kuwa mkali tu. Wapo wanaopoa, taya linalegea, udenda unatiririka, na mtu mwenye huruma anaingiza mkono kinywani akidhani mfupa umekwama. Waokoaji wa mbwa, hili liwakae kichwani. Mbwa usiyemjua mwenye taya lililolegea, usimguse.

Na kumchanja mbwa leo hakumtibu aliyekwisha kuambukizwa. Chanja kila unayemwokota, ndiyo, lakini usimgawe wiki hiyohiyo, na usimpakie kwenye boti wala basi akiwa hana kadi. Pemba kichaa kilitoweka mwaka 2014 kwa chanjo za mbwa, kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, na ikachukua mpaka 2018 kukimaliza kwa mara ya pili.

*Daktari, mimi na mume wangu tulichukua mbwa aliyeokotwa, jike la kama miaka mitatu. Leo siku ya nne. Amejificha nyuma ya friji, hali tukiwepo, ananya ndani, hatikisi mkia. Tulidhani atafurahi kupata nyumba. Mume anasema arudishwe, tutafute mwingine aliyechangamka.*
*Bi Harusi, Arusha*

Mwanangu, siku nne? Huyo hajajua bado kama mmemwokoa au mmemwiba. Nyumba kwake ina sakafu inayoteleza, ina friji inayonguruma, ina mwanamume anayevaa buti. Pengine mtu wa buti aliwahi kumpiga teke.

Mwacheni nyuma ya friji. Wekeni chakula saa zilezile, mahali palepale, mkaondoke. Msimkodolee macho. Mumeo avue buti mlangoni, akae chini sakafuni mgongo umelekea kwa mbwa, asome simu yake nusu saa kila jioni, asimwite. Mtoeni nje kwa kamba kila baada ya kula, njia ileile. Kwa mbwa wengi niliowapeleka, siku tatu nne za mwanzo ni hofu tupu, wiki ya tatu ndipo wanapoanza kuonyesha tabia zao, nzuri na mbaya, na miezi mitatu ndipo wanapolala ubavu miguu imenyooka. Nikimwona mbwa amelala ubavu miguu imenyooka katikati ya sebule, huwa nafuta jina lake kwenye daftari la wasiwasi.

Kama ngozi yake ina upele na manyoya yanatoka, mpelekeni kwa daktari. Msimpake oili chafu ya gari. Nasema hivi kwa sababu kila mwezi naletewa mmoja aliyepakwa, ameungua ngozi na amelamba sumu.

Mkimrudisha, mtu atampokea, nami sitawasema vibaya. Lakini kila anaporudishwa, nyuma ya friji ya nyumba inayofuata anakaa muda mrefu zaidi. Nipeni wiki tatu, kisha niandikieni.

*Mama Daktari, kwa heshima. Wewe ni msomi na mzee wetu hapa Tanga. Watoto wa binadamu wanalala njaa, wewe unanunua dagaa za mbwa. Huoni haya? Halmashauri ya Jiji iwatilie sumu yaishe.*
*Mwalimu, Chumbageni*

Mwalimu, nakuheshimu, na naamini unawapenda hao watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Wako kwenye darasa lako, kwa sababu wao ndio wanaopita njia za nyuma kwenda shule. Sumu haiwalindi. Ukiua mbwa wa mtaa, chakula cha jalalani kinabaki, na mbwa wapya wasiochanjwa wanakuja kukila. Kinachowalinda ni mbwa asilimia 70 wa mtaa wawe wamechanjwa, hapo ugonjwa hukosa pa kupita. Mbwa wanane walio kwangu wote wamechanjwa.

Sumu nimeiona ikifanya kazi, Mwalimu. Mbwa huchukua muda. Watoto husimama kutazama. Mmoja wao alikuwa mwanangu, na yule mbwa alikuwa akimsindikiza shule. Haya sikuyasoma mahali.

Karibu nyumbani siku yoyote baada ya alasiri. Chai nitakupa mbali na mabanda.

Walio tayari kuchukuliwa mwezi huu. Wote wamechanjwa, wote wamefungwa kizazi au wamehasiwa. Nawaeleza kama walivyo, ili asirudishwe mtu.

Bahati, jike, mwaka mmoja na nusu, mwekundu kama udongo wa Lushoto. Anapenda watoto. Anaiba viatu, kimoja kimoja, na hakuna aliyewahi kuona anapovificha. Anataka ukuta mrefu.

Chui, dume, miaka mitatu hivi, ana madoadoa. Haelewani na madume wengine, na sitampa mtu mwenye dume mwingine hata aniahidi nini. Akiwa peke yake ni mtulivu. Habweki ila penye sababu, na hilo ndilo wanaotafuta mlinzi wanapaswa kulitaka.

Bi Mkubwa, jike, miaka kumi au zaidi, jicho moja lina ukungu. Familia yake ilihama ikamwacha mlangoni. Alikaa pale siku kumi na moja, majirani walihesabu. Yuko kwangu mwaka wa pili na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hali sana, habweki, anataka mahali penye jua asubuhi. Gari hapandi, hutetemeka mpaka hutapika, kwa hiyo anayemtaka awe wa Tanga mjini, aje kwa miguu, nami nitawasindikiza.